Nani Anashika Daftari? Historia ya Haki ya Ujira Afrika Mashariki

Kibarua cha mtu kikiota nyasi, jirani haulizi nyasi zimetoka wapi. Anaelewa kwamba kazi imekwisha na kwamba nyumba ile mwezi huu itapika kwa kukopa. Neno tumelizoea mno hata hatulitazami tena. Lakini kibarua ni barua ndogo, na kuna wakati barua hiyo ilikuwa karatasi kweli, imekunjwa kiganjani mwa mtu anayesubiri kulipwa.

Katika Zanzibar ya karne ya 19, mabwana wengi wa mjini waliona faida zaidi kuwakodisha watumwa wao kuliko kuwakalisha nyumbani. Mtumwa alitoka alfajiri kwenda kupakua majahazi, kusafisha sandarusi katika maghala ya wafanyabiashara wa kigeni, au kubeba mawe ya kujengea. Kazi ikiisha, aliyemkodi alimpa kijikaratasi cha kuthibitisha kwamba siku ile ameitumikia. Alipokirudisha alilipwa, na kwa kawaida kiasi kama nusu ya malipo ilikwenda kwa bwana wake. Kijikaratasi hicho ndicho kilichoitwa kibarua. Baadaye jina likahama kutoka kwenye karatasi likamwangukia mtu, akaitwa kibarua yeye mwenyewe.

Kazi ikishafanyika haionekani tena. Gunia likifika ghalani halina jina la aliyelibeba, na ukuta ukishapakwa chokaa hausemi ni nani aliyechanganya udongo. Kinachobaki ni hesabu: siku ngapi zilifanywa kazi, kwa kima gani, na nini kilikatwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya mfanyakazi ni siku zake, na kwa zaidi ya miaka mia moja daftari la siku hizo lilishikwa na mtu mwingine. Jinsi daftari hilo lilivyogombaniwa, ndiyo habari ninayotaka kuisimulia hapa.

Riale tano na posho

Tusidhani kwamba kazi ya kulipwa ililetwa na serikali za kikoloni. Kabla serikali hizo hazijafika, maelfu ya wapagazi walikuwa wakiuza nguvu zao katika njia za misafara. Wanyamwezi walishuka pwani na pembe za ndovu, wakapanda bara na vitambaa na shanga, na walijua thamani ya mabega yao. Mpagazi aliyeandikwa Zanzibar katika miaka ya 1870 alipata kwa kawaida riale 5 kwa mwezi. Sehemu ya malipo hayo aliidai mapema, kabla hajatia mguu njiani, na juu yake kulikuwa na posho ya kila siku. Neno mshahara lenyewe limetoka katika neno la Kiarabu la mwezi: ni malipo ya mwezi. Na mafundisho ya dini yaliyosomwa katika vyuo vya pwani yalimtaka mwenye kuajiri ampe mtu ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Mapatano hayo hayakuwa na mahakama nyuma yake, ila yalikuwa na nguvu nyingine. Posho ikipunguzwa au mzigo ukizidishwa, wapagazi walitua mizigo chini na msafara ukasimama. Kiongozi aliyekaidi aliamka asubuhi akakuta nusu ya watu wake wameondoka usiku. Kwa mpagazi huru, uwezo wa kutua mzigo na kwenda zake ndio uliokuwa ulinzi wa ujira wake. Uwezo huo ndio ambao sheria za kikoloni zilikuja kuuvunja kwanza.

Kuacha kazi kuwa jinai

Huko Uingereza, mfanyakazi aliyevunja mkataba aliweza kufungwa jela hadi mwaka 1875, Bunge la London lilipoondoa adhabu hiyo na kuyafanya mambo ya mwajiri na mwajiriwa kuwa ya madai. Tangu mwaka 1831 sheria ya huko ilikuwa imekwisha kuwataka waajiri wa viwandani wawalipe watu kwa fedha taslimu, wala si kwa bidhaa za duka la mwajiri. Lakini mwaka 1906, zaidi ya miaka thelathini baada ya jela kuondolewa kwao, utawala wa Waingereza ulipitisha katika nchi tunayoiita Kenya sheria ya mabwana na watumishi. Chini ya sheria hiyo Mwafrika aliyeacha kazi kabla ya mkataba kuisha, au aliyeonekana mzembe, aliweza kutozwa faini au kufungwa. Tanganyika nayo, ilipoingia mikononi mwa Waingereza, ikapata sheria ya namna hiyo mwaka 1923. Jambo lililokuwa limekwisha kuwa aibu kwao, kwetu lililetwa kama utaratibu wa kawaida.

Wajerumani walikuwa wametangulia kwa njia yao. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge kutoka Florida. Kati ya vitoto 1,000 vilivyosafirishwa, vilifika hai 62 tu, vikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na hivyo 62 kukatokea mashamba yaliyofunika bonde la Pangani na ukanda wa Tanga, na mashamba hayo yalihitaji watu. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, kila mwanamume mzima alipewa kadi. Kadi ilimtaka afanye kazi kwa mzungu siku 30 katika kila miezi minne kwa ujira uliopangwa. Asiyeijaza kadi yake alipelekwa kazi za serikali.

Itazame kadi hiyo pembeni ya kibarua cha Zanzibar. Kibarua kilikuwa ushahidi wa anayedai, kwamba kazi imefanyika na malipo yatolewe. Kadi ya Wilhelmstal ilikuwa ushahidi dhidi ya mwenye nayo, kwamba bado hajatimiza siku anazodaiwa.

Asiyekuwepo na lake halipo

Vita vya 1914 hadi 1918 vilipofika Afrika Mashariki, majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yote yalitembea kwa miguu na mabega ya wapagazi. Upande wa Waingereza uliunda kikosi cha wachukuzi, na kutokana na matamshi ya jina lake la Kiingereza tukapata Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Mamia ya maelfu ya watu waliandikwa, wengi kwa nguvu. Mwaka 1915 serikali ya Kenya ilitunga sheria ya kuwachukua wachukuzi, ikaweka mshahara wao kuwa rupia 5 kwa mwezi, kisha rupia 6 baada ya miezi mitatu. Kiasi hicho kilikuwa chini ya kile walicholipwa wachukuzi wa kwanza wa vita hivyo.

Makumi ya maelfu hawakurudi. Waliuawa zaidi na kuhara damu, malaria, njaa na baridi ya nyanda za juu kuliko walivyouawa na risasi. Mishahara yao ilikuwa imeandikwa vitabuni, lakini majina mengine yaliandikwa vibaya, vijiji vilikosewa, na warithi hawakupatikana, au hawakutafutwa kwa bidii iliyostahili. Vita vilipokwisha, baadhi ya maafisa wa koloni walipendekeza fedha hizo zisizodaiwa zitumike kwa faida ya jamii ambazo marehemu walitoka. Hazina ya London ilikataa. Methali ya asiyekuwepo na lake halipo sijawahi kuiona ikitimia kwa ukatili zaidi kuliko hapo. Mshahara uliotafutwa kwa kifo ulibaki kwa mwajiri kwa sababu daftari alilishika yeye.

Kikopo shingoni

Waliorudi Kenya walikuta karatasi mpya ikiwasubiri. Sheria ya kuandikisha wenyeji iliyopitishwa mwaka 1915 ilianza kutekelezwa baada ya vita, mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia utu uzima alichukuliwa alama za vidole akapewa kipande. Cheti hicho kiliwekwa ndani ya kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni kwa kamba. Humo kulikuwa na jina lake, mahali alipotoka, mwajiri wake, tarehe ya kuanza kazi, tarehe ya kuachishwa na mshahara anaolipwa.

Ubaya wa kipande haukuwa kamba na kikopo peke yake. Mwajiri mpya alipokifungua alisoma mwajiri wa zamani alilipa kiasi gani, na hakuona haja ya kulipa zaidi. Mwajiri ambaye hakutia saini ya kumwachilia mtu alimzibia njia ya kuajiriwa kwingine. Mfanyakazi aliyeondoka bila saini alitafutwa kwa namba yake hadi akapatikana. Daftari la kazi lilikuwa limefungwa shingoni mwake, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa mwingine.

Mwaka 1921 walowezi wa Kenya, wakilalamikia kuanguka kwa bei za mazao na mabadiliko ya fedha, waliazimia kupunguza ujira wa Waafrika kwa theluthi moja. Kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika ofisi ya Hazina mjini Nairobi, Harry Thuku, aliongoza upinzani dhidi ya punguzo hilo, dhidi ya kipande na dhidi ya kodi. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulijaa mbele ya kituo cha polisi alikozuiliwa, na mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akawakemea wanaume waliokuwa wakisitasita. Polisi walifyatua risasi, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilihesabu maiti 21, na waliokuwapo walisema ni wengi zaidi. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu. Leo barabara inayopita karibu na mahali pale ina jina lake, na wanaoipita hawakumbuki mara zote kwamba watu wale walikufa wakipigania, pamoja na mengine, theluthi moja ya mshahara.

Siku thelathini za manamba

Tanganyika nayo ilikuwa na kipande chake, ingawa maana yake ilikuwa nyingine. Katika mashamba ya mkonge, kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Mfanyakazi akimaliza kazi ya siku, karani alitia alama. Alama zikitimia 30, kipande kimeisha, na hapo ndipo aliposimama mbele ya dirisha la malipo.

Kwa mtu asiyejua shamba, siku 30 ni mwezi mmoja. Kwa mkata mkonge hazikuwa mwezi. Siku moja ya kazi ilipimwa kwa mafungu ya majani, kila fungu majani 30 yaliyokatwa, kuondolewa miiba ya ncha na kubebwa hadi kwenye reli ndogo ya kwenda korona, mashine ya kutoa nyuzi za mkonge. Asiyefikisha kipimo hakutiwa alama, hata kama alikuwa shambani tangu umande. Siku ya homa haikutiwa alama. Kukiwa na ugomvi kati ya mkataji na mnyapara juu ya ukubwa wa mafungu, neno la mnyapara ndilo lililoandikwa. Hivyo kipande cha siku 30 kiliweza kumla mtu mwezi na nusu au miezi miwili. Mwenye alama 27 alikuwa na siku 27 za jasho ambazo bado hazijageuka kuwa fedha, akaendelea kuishi kwa posho ya unga.

Waliobeba uzito huo walitoka mbali: Waha kutoka Kigoma, Warundi, Wanyamwezi, Wangoni wa Songea, Wabena wa Njombe, Wamakonde waliovuka Ruvuma. Walioletwa kwa mkataba waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na namba ikatangulia jina. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha shirika lao la kukusanya wafanyakazi, SILABU, lililoleta watu kwa malori na treni hadi Tanga. Hadi leo, katika familia nyingi za Kigoma na Songea, kusema fulani alikwenda manamba ni kutaja namna moja ya kupotea.

Serikali ya Tanganyika haikuwa kipofu. Mwaka 1926 ilianzisha Idara ya Kazi chini ya Meja Granville Orde-Browne, na maafisa wake wakaanza kukagua makambi, maji, vyakula na malipo. Lakini mdororo wa uchumi wa dunia ulipofika na bei ya mkonge ikaanguka, ujira ulishushwa, na mwaka 1931 idara yenyewe ikavunjwa ili kubana matumizi. Mkaguzi aliondolewa katika miaka ile ile ambayo mfanyakazi alimhitaji kuliko wakati wowote.

Bandari zinasimama

Msukumo uliobadili mambo ulitoka mahali ambapo kazi ya siku ilihesabiwa kwa siku, yaani bandarini. Kuli wa Mombasa au Dar es Salaam aliajiriwa asubuhi na kulipwa jioni. Hakuwa na usalama wa kesho, lakini alikuwa na kitu ambacho manamba hakuwa nacho: jioni hakuna mwajiri aliyekuwa amemshikia siku zake. Meli ikisubiri gatini, kila saa inagharimu, na kuli alilijua hilo.

Mwezi Julai 1939 vibarua wa bandari ya Dar es Salaam waligoma wakidai nyongeza ya malipo ya siku. Wiki zile zile Mombasa iliwaka mgomo baada ya mgomo, na dai lililosikika sana lilikuwa la makazi: mshahara haumwezeshi mtu kulipa kodi ya chumba. Baadhi ya waajiri, serikali ikiwa miongoni mwao, walianza kutoa posho ya nyumba. Mfanyakazi wa Kenya anayeona leo posho ya nyumba katika hati yake ya mshahara anaona alama ya mwaka ule. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ya nchi hiyo bado inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makazi yanayofaa au fedha za kutosha kupanga.

Januari 1947 Mombasa nzima ilisimama. Watu wapatao 15,000 walitoka bandarini, relini, hotelini na majumbani mwa wazungu, wakakaa nje kwa takriban siku kumi na mbili. Walikutana kwenye uwanja wa mpira walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Hapo wakaunda shirikisho lao, na Chege Kibachia akawa kiongozi wao. Serikali iliunda baraza la usuluhishi chini ya Jaji Ransley Thacker, yule yule ambaye miaka michache baadaye angewahukumu kina Kenyatta huko Kapenguria, na baraza likapandisha malipo. Kibachia mwenyewe alikamatwa Agosti mwaka huo huo, akapelekwa Kabarnet na kuzuiliwa huko kwa takriban miaka kumi. Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda treni ukafuata reli hadi bara. Na ni mwaka huo huo kipande cha Kenya kilipofutwa, nafasi yake ikachukuliwa na uandikishaji wa watu wa rangi zote.

Yaliyofuata yalikwenda haraka zaidi. Mwaka 1949 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kulinda ujira, unaosema mshahara ulipwe kwa fedha halali, mkononi mwa mfanyakazi mwenyewe, kwa vipindi vinavyojulikana, na asilazimishwe kununua katika duka la mwajiri. Mwaka 1955 likapitisha mwingine wa kufuta adhabu za jinai kwa wafanyakazi wanaovunja mkataba. Mwaka 1955 pia, vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika viliungana katika shirikisho moja, TFL, ambalo katibu wake mkuu Rashidi Kawawa baadaye akawa Waziri Mkuu. Mwaka 1957 Dar es Salaam ikapata kima cha chini cha mshahara cha kisheria kwa mara ya kwanza.

Uhuru, na deni lililobaki

Serikali huru haikuweza kulipuuza suala la ujira, kwa maana watu waliojaza mikutano ya uhuru ndio waliojaza migomo. Mwaka 1962 Tanganyika ilitunga sheria ya kiinua mgongo, na kima cha chini kilichoanza mwaka 1963 kilifikia shilingi 150 kwa mwezi mjini Dar es Salaam. Mwaka 1964 ikaja sheria ya usalama kazini, iliyoweka utaratibu ambao mwajiri alipaswa kuufuata kabla ya kumwadhibu au kumfukuza mtu.

Lakini mwaka huo huo, baada ya maasi ya jeshi ya Januari, TFL ilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na chama kimoja, NUTA, kilichofungamana na TANU. Migomo ilibanwa. Nchini Kenya, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, COTU, liliundwa mwaka 1965 likiwa na mkono wa serikali ndani yake. Mfanyakazi alipata sheria nzuri kuliko baba yake, akapoteza sehemu ya silaha iliyomletea sheria hizo.

Na sheria nzuri haikutosha kila mara. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Watu waliotumikia reli, bandari, posta na shirika la ndege la pamoja walijikuta mwajiri wao hayupo tena. Makubaliano ya mwaka 1984 ya kugawana mali na madeni yalitaka kila nchi iwalipe raia wake pensheni na mafao. Hapa daftari lilikuwepo: miaka ya utumishi imeandikwa, namba za wafanyakazi zipo, mkataba wa nchi tatu upo. Hata hivyo wastaafu wa Tanzania waliendelea kudai malipo yao kwa miaka mingi, wakikesha nje ya ofisi za serikali na kupanda ngazi za mahakama, huku wenzao wakifa mmoja mmoja. Hesabu iliyoandikwa vizuri haimlipi mtu kama hakuna nguvu ya kumlazimisha mwenye kudaiwa.

Sheria inageuza mzigo

Tanzania ilitunga Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, ambayo ilianza kutumika Desemba 2006. Kenya ikafuata na sheria yake mwaka 2007. Ukizisoma baada ya kupita njia tuliyopita, kila kifungu kinaonekana kama jibu kwa mtu fulani aliyekwisha kufa.

Manamba aliyesimama dirishani bila kujua kwa nini fedha zimepungua, anajibiwa na kifungu cha 27 cha sheria ya Tanzania: mshahara ulipwe saa za kazi, mahali pa kazi, siku iliyokubaliwa, na uambatane na maelezo ya maandishi. Mkata mkonge aliyekatwa ujira kwa panga lililopotea, anajibiwa na kifungu cha 28: mwajiri hakati fedha kufidia hasara ila iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi. Ni lazima ampe kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, ampe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Muha aliyeachwa Tanga bila nauli ya kurudi Kigoma, anajibiwa na kifungu cha 43. Kifungu hicho kinamtaka mwajiri anayemwachisha mtu mbali na mahali alipomwajiri amsafirishe yeye na mizigo yake, na amlipe gharama za kujikimu hadi safari ipatikane. Aliyetumikia mwaka mzima au zaidi ana kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, hadi miaka 10, isipokuwa katika hali chache ambazo sheria imezitaja.

Kifungu ninachokiona kizito kuliko vyote ni cha 15. Mwajiri lazima ampe mfanyakazi maandishi yenye kazi yake, muda wake, mahali pake na malipo yake. Kama mfanyakazi hayaelewi maandishi hayo, aelezwe kwa namna atakayoielewa. Mwajiri ayatunze kwa miaka mitano baada ya ajira kuisha. Na wakifika mbele ya sheria mwajiri akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa ni wake. Sheria ya Kenya inasema vivyo hivyo katika kifungu cha 10.

Tulia kidogo hapo. Kwa zaidi ya miaka mia moja, aliyeshika daftari alifaidika nalo: aliandika alivyotaka, na asipoandika, aliyefanya kazi ndiye aliyekosa. Sasa sheria imeligeuza jambo hilo. Mwajiri bado ndiye anayeshika daftari, lakini asipoliandika, ukimya wake hausomwi tena kuwa kosa la mfanyakazi.

Barua ndogo inarudi

Nenda leo kwenye jengo lolote linalopanda Dar es Salaam au Nairobi, ufike saa kumi na mbili jioni. Utamkuta msimamizi ameketi juu ya tofali, kaunta buku gotini, anaita majina. Wanaoitwa wana saruji kwenye kope. Wengi hawajapewa mkataba wowote. Wengine wanaambiwa warudi Jumamosi, na Jumamosi wataambiwa mwenye nyumba amesafiri. Ndani ya nyumba zetu wenyewe, binti aliyeletwa kutoka kijijini analea watoto mwaka mzima huku mshahara wake "unatunzwa" na mama mwenye nyumba. Anayeshika daftari la binti huyo ni mimi na wewe, na kifungu cha 15 kinatuhusu sisi sawasawa na kampuni kubwa.

Sheria inampa kibarua zaidi ya anavyojua. Nchini Kenya anastahili kulipwa jioni ya siku aliyofanya kazi, na siku zake za mfululizo zikifikia mwezi, ajira yake haihesabiwi tena kuwa ya kibarua. Nchini Tanzania, anayedhulumiwa ujira anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila asikae: madai ya kuachishwa kazi yafikishwe ndani ya siku 30, na madai mengine, ya mshahara yakiwemo, ndani ya siku 60. Wengi hupoteza haki yao si kwa sababu hawakuwa nayo, bali kwa sababu waliendelea kuahidiwa Jumamosi hadi siku 60 zikapita.

Hata hivyo kuna jambo limebadilika jioni ile ya saruji. Vijana wengi sasa wanalipwa kwa simu. Msimamizi akituma, ujumbe unaingia mfukoni mwa kila mmoja: kiasi, tarehe, saa, na jina la aliyetuma. Ni maandishi mafupi yanayosema kwamba siku hiyo kazi imelipwa, na siku ambayo hakuna ujumbe nayo inajulikana. Hakuna mnyapara awezaye kuyafuta. Ni barua ndogo, kama ile ya Zanzibar, ila hii anayeondoka nayo na kulala nayo ni aliyefanya kazi. Asiifute. Na aandike daftari lake mwenyewe pembeni, siku baada ya siku: nilifika, nilifanya hiki, niliahidiwa hiki. Siku atakayosimama mbele ya msuluhishi, daftari hilo litasema yale ambayo wachukuzi waliokufa vitani hawakupata wa kuwasemea.